Sanduku la Ratili Sitini na Nne

Akili nyingi huondoa maarifa. Methali hii hupendwa sana na watu ambao hawajawahi kusumbuliwa na akili nyingi, na huenda ndiyo sababu wenye akili huidharau. Lakini haisemi kwamba akili ni kitu kibaya. Inasema kwamba mtu aliyezoea kuwa na jibu hufika mahali akaacha kuuliza, na jambo lililo wazi kwa kila mtu likampita yeye peke yake. Milcah Kwamboka aliifahamu tangu shule ya msingi, wala hakuwahi kufikiri kwamba inamhusu.

Kule Doha, katika chumba cha wanawake sita mtaani Fereej Bin Mahmoud, Milcah ndiye aliyekuwa mwalimu wa vipimo. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa familia ya Kimarekani huko mtaa wa The Pearl. Mapishi ya mama mwenye nyumba yaliandikwa kwa nyuzi za Fahrenheit, na oveni ilikuwa ya Selsiasi. Kabla mama huyo hajapata miwani yake, Milcah alikuwa ameshatoa thelathini na mbili, akazidisha kwa tano, akagawa kwa tisa. Wenzake chumbani walipokwenda kwa fundi cherehani walimpigia simu awageuzie yadi kuwa mita. Alisifiwa mpaka sifa zikamkolea kama chumvi kwenye mboga.

Mwezi wa sita mwaka 2013 mkataba wake ulikwisha, akajiandaa kurudi kwao Nyamira. Miaka minne yote mama yake hakumwomba chochote ila kitu kimoja. "Kwamboka," alimwambia kwenye simu, "nasikia huko kuna blanketi nzito za manyoya. Niletee moja. Baridi ya hapa siku hizi inaniingia mpaka kwenye mifupa." Milcah akanunua moja kubwa la safu mbili, lenye maua mekundu, na jioni hiyohiyo akampigia mama kumweleza maua yake. Mama akacheka kwa furaha, na kesho yake kanisa zima lilikuwa na habari.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Milcah alipanga sanduku. Ndege iliruhusu kilo thelathini. Alikuwa amejumlisha uzito wa kila kitu, kimoja kimoja, akapata kilo ishirini na tisa. Ili kujihakikishia, aliazima kwa mwajiri wake mizani ndogo ya kuning'iniza. Akaomba msaada wa Hadijah, Mganda waliyelala naye kitanda cha juu na cha chini. Hadijah akaliinua sanduku likining'inia kwenye mizani, naye Milcah akasoma: sitini na nne.

"Sitini na nne," alirudia.

"Nyabo, dada yangu," Hadijah akasema, akilitua sanduku taratibu, "hii si kilo sitini. Kila wiki mimi nabeba gunia la mchele la kilo ishirini kutoka gari mpaka stoo. Sanduku hili halifiki magunia mawili, sembuse matatu."

"Mgongo si mizani, Hadijah."

"Najua. Lakini ungemuuliza mtu. Hata madam wako, mpigie."

Milcah akatabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto. Ampigie madam amuulize jinsi ya kusoma mizani, yeye aliyemfundisha madam huyo kusoma oveni? Badala ya kuuliza, alitafuta sababu, na mwenye akili hakosi sababu. Alisema blanketi ni la safu mbili na kibandiko chake bila shaka kilihesabu safu moja. Alisema unyevu wa Doha umeingia katika kila kitambaa. Yalikuwa maelezo mazuri, na Hadijah, aliyeishia darasa la tatu, akaanza kumsaidia kulifungua sanduku.

Basi ikabidi kupunguza thelathini na nne. Milcah akapima kitu kimoja kimoja kwa mizani ileile. Blanketi lilisoma kumi na tatu, likatoka. Seti ya sufuria ikalifuata, kisha tende na maziwa ya unga. Mizani iliposoma thelathini kamili, akafunga sanduku.

"Na mama atajifunika nini?" Hadijah aliuliza.

"Utanitunzia. Mtu akisafiri, utampa."

Kesho yake mchana, uwanjani, karani wa ndege alikuwa Mkenya aliyeitwa Levis. Alilitazama sanduku, akatazama namba.

"Madam, una kilo kumi na tatu na nusu tu. Bado una kumi na sita na nusu. Hakuna mzigo mwingine?"

"Pima tena," Milcah akasema.

Akapima tena, ikawa vilevile. "Kwani nyumbani ulipima na nini?"

"Mizani ya mwajiri wangu. Wamarekani."

"Basi hizo zilikuwa ratili, si kilo," Levis akasema kwa upole.

Sitini na nne, gawa kwa mbili nukta mbili: ishirini na tisa. Jibu lilimjia papo hapo, nalo lilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akampigia Hadijah simu mara saba. Hadijah alikuwa kazini kama wenzake wote wa chumbani, na ufunguo wa chumba mfukoni, katika nyumba ambayo wafanyakazi huacha simu mlangoni. Kaunta ikafungwa.

Mama alimpokea kwa nyimbo. Alilitazama sanduku lililofunguliwa. Alisema tu kwamba mwaka huu baridi si kali sana. Wanawake wa kanisa waliokuja kuliona blanketi walikunywa chai wakaenda zao.

Julai ikaingia na ukungu wake, na kifua cha mama kikabana. Milcah alimfunika mashuka yote ya nyumba na sweta lake mwenyewe. Wiki ya tatu mama akafariki kwa homa ya mapafu. Hakuna aliyesema kwamba blanketi lingemwokoa, hata Milcah hakusema. Lakini alijua kwamba mama aliomba kitu kimoja tu, nacho kilibaki sakafuni Doha kwa sababu bintiye aliona haya kuuliza swali moja.

Blanketi lilifika Agosti, mikononi mwa dereva aliyekuja likizo. Milcah akampigia Hadijah kumshukuru.

"Wewe ulijua," alimwambia. "Mimi niliyesoma sikujua, wewe ulijua."

"Sikujua hesabu yoyote, dada," Hadijah akajibu. "Mimi nililibeba sanduku tu."

Milcah akakata simu, akalikunja blanketi. Kweli, akili nyingi huondoa maarifa.