Majani ya Uzio wa Mzee Mrindoko

Hapo zamani, na msinihesabie miaka, huko milimani Upare alikuwako Nakijwa, mke wa Mbonea, mfugaji wa viwavi wa hariri. Kikundi chao cha wafugaji kikatangaza zawadi: mwenye vifuko vya hariri vizito kuliko wote atapewa mtamba mwenye mimba, karibu kuzaa. Mmoja tu. Nakijwa alikuwa na mapacha wanaokunywa uji mtupu, maziwa hana. Alimtaka mtamba yule hata akamwota.

Basi akawatumikia wale viwavi, usiseme! Akawasafishia trei, akawaimbia, akawalisha majani ya mforsadi wake, yale madogo magumu. Na kwa kuwa kiwavi hapendi harufu kali, akapiga marufuku vitunguu nyumbani. Viwavi wakabaki wembamba vilevile.

Wiki ya tatu, mara wakanenepa! Wakala, wakanenepa, wakasokota vifuko siku tano kabla ya viwavi wa wenzake. Nakijwa kichwa kikamvimba. "Ni nyimbo zangu hizo," akawaambia majirani.

Siku ya kupima, vifuko vyake vikashinda vyote. Vigelegele! Ndipo akasimama jirani yake, mzee Mrindoko, mtu wa kununa.

"Hariri hiyo ni ya majani yangu! Uzio wangu wa mforsadi wa majani mapana umenyonyolewa wote. Niliupanda mimi, mkanicheka."

"Mzee wangu, si wewe uliyewaita viwavi wangu funza?" akauliza Nakijwa. "Uzio wenyewe ulikuwa chakula cha mbuzi. Na mimi sijagusa hata jani moja."

"Nimegusa mimi," akasema mama Mbonea, mkwewe aliyekaa naye nyumba moja, bila haya. "Kila ulipokwenda mtoni, mwanangu, nilikwenda kuchuma. Walipoonja yale mapana, ya kwako wakayapa kisogo. Ulidhani wananenepa kwa nyimbo?"

Maskini Nakijwa! Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mama, ulifanya hivyo kunisaidia?"

"Kukusaidia? Mwezi mzima nakula mboga bila kitunguu! Nilitaka wamalize, waondoke. Na mtamba nikipewa mimi, nampelekea binti yangu Same."

Hapo aibu ikageuka hasira. "Na trei je, zilijisafisha zenyewe? Majani mazuri kwenye uchafu yangewaua wote!"

Mwenyekiti wa kikundi akakuna kichwa. Nakijwa akashika kamba ya mtamba. Mzee Mrindoko akaishika. Mama Mbonea akaona kamba imejaa, akashika mkia. Viwavi, waliosokota hariri yenyewe, walikuwa ndani ya vifuko wakingoja kuchemshwa ili uzi uvutwe, na hakuna aliyewauliza.

Haya, nyie mnaojua haki kumzidi mwenyekiti, semeni. Yuko aliyepanda pasipo kujua thamani ya alichopanda, yuko aliyeiba kwa uchu wa kitunguu, na yuko aliyetoka jasho kweli kisha akajisifia kisicho chake. Je, nani alistahili kumkamua mtamba yule?