Kigae, Jina Lisilo na Marehemu

Tegeni masikio, enyi watu wa Buyenze, mliotoka mbali na mliolala hapa, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nasimulia habari za enzi za mababu wa mababu zetu, wakati maji ya chumvi yalipokuwa yakibubujika bondeni humu na mvuke wake, na wanawake wetu wakiyachemsha katika vyungu vipana mpaka chumvi ibaki nyeupe chini. Namsimulia Kigae: Kigae mwana wa Nyamwero mfinyanzi, mwana wa Lubigisa mbeba mawe, mjukuu wa Kahumbi, Kigae mvuta kamba, Kigae asiyeitika, aliyewakuta watu wenye hofu akawaacha wakiwa kabila.

Siku hizo hatukuwa kabila. Tulikuwa mali ya Mtemi Lugundu, bwana wa vilima vya Mpembwe, ambaye babu wa baba yake aliwashinda babu zetu vitani, na siku ya kusalimu amri hakutosheka na ng'ombe wala chumvi, bali alidai majina. Wanaume arobaini waliosalia walitaja majina yao mmoja baada ya mwingine mbele ya mwitaji wake, mtu mwenye kumbukumbu kali, na kiapo kikaliwa juu ya shoka kwamba kila kiangazi Mtemi atawachukua watano wenye majina hayo wakamjengee ukuta wa mawe kuzunguka vilima vyake. Hatamgusa mwenye jina lingine, nasi hatutamficha mwenye jina lililoitwa. Pande zote mbili zilikiogopa kiapo kile, kwa kuwa iliaminiwa kwamba anayelisaliti shoka la kiapo hunyimwa mvua.

Babu zetu walidhani majina arobaini yatakwisha. Hapo ndipo walipokosea, nami nalisema kosa lao kwa uchungu kwa sababu walilifanya kwa upendo. Desturi ya kwetu ilikuwa kumpa mtoto wa kiume jina la marehemu wa nyumba yake, ili marehemu arudi aote moto pamoja na wenzake. Masanilo alikufa ukutani, akazaliwa mtoto, akaitwa Masanilo. Akakua, mwitaji akamwita, akaenda, akafa, akazaliwa mwingine, akaitwa Masanilo. Masanilo yule yule alikwenda ukutani mara tano. Sisi tulikuwa tukiwarudisha wafu wetu, na Mtemi akawa anawapokea, na walioliona jambo hilo walinyamaza.

Mwanamke mmoja hakunyamaza. Nyamwero alikuwa mfinyanzi wa vyungu vya chumvi, mkono wake wenye nguvu, ulimi wake wenye nguvu zaidi, mwanamke ambaye alikuwa akikivunja chungu kibovu mbele ya mnunuzi wake badala ya kumpa kivuje nyumbani. Mumewe Lubigisa aliitwa wakati yeye ana mimba ya miezi minne. Kabla mimba haijatimia kamba aliyofungwa Lubigisa siku ya kuchukuliwa ililetwa bondeni bila Lubigisa, na ndivyo Mtemi alivyokuwa akitupa habari za msiba. Nyamwero aliitazama kamba ile, akaitupa katika tanuru la vyungu, akaingia ndani kujifungua.

Siku ya saba mama mkwe wake, Kahumbi, alimchukua mtoto, akachovya kidole katika uji wa mtama, akamgusa midomo, akaanza kuyataja majina ya marehemu wa nyumba, kwa maana jina lile ambalo mtoto akilisikia hunyamaza, ndilo lake. Mtoto alilia kwa jina la kwanza, akalia kwa la pili na la tatu. Kahumbi akamwinamia, akasema, "Lubigisa." Mtoto akanyamaza kimya. Wanawake waliokuwamo wakapiga vigelegele, na Kahumbi akalia machozi ya mama aliyerudishiwa mwanawe.

"Umesikia mwenyewe, mkwe wangu," alisema. "Mwanangu amerudi."

"Amenyamaza kwa sababu amechoka kulia, mama," Nyamwero akajibu. "Nipe mtoto."

"Unamkataa mume wako mbele za watu?"

"Mwanao nilimpenda, nawe unajua. Ndiyo maana simrudishi ukutani."

Akamtwaa mtoto, akatoka naye uwanjani walipoketi wazee wakisubiri kutangaziwa, akapita kwenye rundo la vyungu vilivyovunjika kando ya tanuru, akaokota kipande kimoja, akakiweka juu ya kifua cha mwanawe. "Huyu ni Kigae," alisema. "Hakuna marehemu aliyeitwa Kigae. Hakuna kiapo kilichomtaja Kigae. Mwenye kumtaka aje amwite tuone."

Wazee kwanza walicheka, kwa sababu ni nani ampaye mtoto jina la takataka za jikoni? Kisha walielewa, na walipoelewa waliogopa. Mkubwa wao akatamka kwamba mtoto asiye na marehemu hana wa kumlinda, na kwamba kuanzia siku ile mtu asimpe Nyamwero moto wala asichote chumvi pamoja naye. Wazee wale ni babu zangu mimi pia, nami sioni haya kusema walikuwa waoga kama kuku. Nyamwero aliuwasha moto wake mwenyewe kwa vijiti, na haukuzimika miaka ishirini.

Kigae alikua. Akiwa na miaka tisa alibeba mtungi wa maji ya chumvi ambao mwanamume mzima huubeba kwa kupumzika njiani. Akiwa na kumi na tano alimtoa ng'ombe dume kwenye tope la chemchemi kwa kumshika pembe na kurudi nyuma hatua kwa hatua, akimbembeleza kwa maneno mazuri kama anayemwongoza bibi harusi. Alikuwa mkimya, mpole kwa watoto, mkaidi kwa wakubwa. Bibi yake Kahumbi, ambaye hakuuvumilia msiba wake, aliendelea kumwita Lubigisa kila siku ya Mungu. Kigae alimwezekea nyumba, alimpasulia kuni, alimbebea maji asubuhi na jioni, lakini kwa jina lile hakuitika hata mara moja, na Kahumbi kwa ukaidi wake hakumwita kwa lingine, wakaishi hivyo, wanapendana na hawasikilizani.

Kikafika kiangazi ambacho Kigae alikuwa ametimiza umri wa kufungwa kamba. Asubuhi, jua limeshapanda, mwitaji Kabosha, kitukuu cha mwitaji yule wa kwanza, alipanda juu ya kichuguu mbele ya bonde zima, shoka la kiapo mkononi, askari kumi na wawili nyuma yake. Aliita majina manne, na wanaume wanne wakatoka, wake zao wakawashika nguo. Kisha akaita la tano.

"Lubigisa!"

Hakutoka mtu. Akaita mara ya pili, akaita mara ya tatu. Kigae alikuwa ameketi mbele ya ugali wake na macho ya watu wote yako mgongoni pake, naye akaendelea kumega tonge, akachovya, akala.

Kabosha akashuka, akaenda mpaka alipoketi Kahumbi, kwa kuwa alijua kwamba bibi ndiye anayewapa majina wajukuu na neno lake ndilo hukumu. Akamnyooshea shoka. "Bibi, sema mbele ya kiapo. Kijana huyu ni nani?"

Jamani, mfikirieni mwanamke yule. Akisema Lubigisa, kama alivyosema kila siku kwa miaka ishirini, mjukuu wake anafungwa kamba saa ile ile. Akisema si Lubigisa, basi anatamka kwa kinywa chake kwamba mwanawe amekufa, amekufa moja kwa moja, hayumo ndani ya mtoto huyu wala hatarudi kamwe kuota moto nyumbani kwake. Ugali wa Kigae ukapoa.

"Mwanangu Lubigisa alikufa kwenye ukuta wenu," Kahumbi alisema. "Nilimsubiri, hakurudi. Huyu ni mtu mwingine. Kigae!"

Na Kigae asiyeitika akasimama, akageuka, akasema kwa sauti iliyosikika bondeni kote, "Naam, bibi!"

Hapo Kabosha akafanya alichokatazwa na shoka lake mwenyewe: akaamuru askari wamfunge mtu ambaye jina lake halikuapiwa. Wakamrushia kamba, zikamkaa kiunoni na mabegani, wakavuta wote kumi na wawili. Kigae akazishika kamba kwa mikono miwili, akachimbia visigino katika udongo wa chumvi, akavuta yeye. Aliwavuta hatua saba. Aliwavuta wakipiga magoti, aliwavuta wakiburuzwa kwa matumbo, akawaingiza kwenye tope la chemchemi mpaka shingoni, kisha akazivua kamba, akazikata kipande kipande, akamrudia Kabosha aliyebaki peke yake. Hakumpiga. "Ita," alimwambia. "Umezoea kuita. Ita wengine."

Kabosha akaita, "Masanilo!" Na mwanamume wa sita kuitwa Masanilo, aliyekuwa tayari amesimama kwenda, akatazama huku na huku, akauona mchi mlangoni, akapaza sauti: "Masanilo simjui. Mimi ni Mchi!" Yakaanza. Mmoja akajiita Jivu, mwingine Mlango, mwingine Kware; mzee mmoja mwenye haraka, kwa kukosa la kutazama, alijiita Mkia wa Mbuzi, akazikwa nalo, na wajukuu zake wako hapa leo, msiwacheke. Kabosha aliyaita majina yote arobaini juu ya kichuguu chake, na bonde lililojaa watu halikutoa hata mtu mmoja. Akarudi Mpembwe mikono mitupu.

Mwaka ule mvua haikunyesha Mpembwe, na Mtemi Lugundu aliyetegemea ukuta hakuwa na wa kuujenga. Kigae aliwaongoza wanaume wa majina mapya wakaenda wakaubomoa kwa siku tatu, wakawarudisha nyumbani waliokuwa hai, na mahali alipoangukia baba yake hakuacha jiwe juu ya jiwe. Lakini sitawadanganya kwamba furaha ilikuwa kamili. Marehemu wetu hawakurudi tena kwetu kwa majina yao, na Kahumbi alikufa akiwa na simanzi hiyo, mkono wake umo mkononi mwa Kigae.

Kigae alizeeka, nywele zake nyeupe. Siku alipozaliwa mjukuu wake wa kwanza, ukoo wote ulikubaliana, kwa mapenzi na heshima, mtoto aitwe Kigae, na wakaandaa na ng'ombe. Mzee alitoka nje akiegemea fimbo, akawatazama mmoja mmoja kwa hasira ambayo hawakuwahi kuiona usoni pake.

"Mnanitafutia Mtemi mwingine," alisema. "Jina langu nimelitumia mimi, limekwisha. Atakayempa mtoto wake, nimemkana, yeye na mtoto. Mpeni huyu jina lake mwenyewe, akose nalo au apate nalo, lakini liwe lake."

Akaweka fimbo chini, akaelekea kwenye uwanda wa chumvi mchana kweupe, watu wakimwona, na hakuna aliyethubutu kumwita arudi. Nyayo zake ziliendelea mpaka katikati ya weupe ule, zikaishia hapo. Hana kaburi, wala hatukulitafuta. Tangu siku hiyo, katika Buyenze nzima, jina la mtu hufa naye, na hakuna mtoto anayezaliwa akiwa na deni la marehemu.

Nimemaliza. Sasa, wewe binti uliyejifungua siku saba zilizopita, njoo mbele na mwanao. Nasikia baba mkwe wako anataka mtoto aitwe kama yeye, na wajomba nao wana la kwao, na kuna watu wamelicheka jina ulilolichagua. Wazee, nyamazeni. Binti, litamke kwa sauti, wote walisikie.