Laki Nane na Elfu Kumi, Mara Tatu

Hapo si zamani sana, watu wakiwa tayari na simu viganjani na haya ikiwa bado haijawatoka, walikuwepo Korogwe mafundi cherehani watatu. Mbelwa alijaliwa mabega. Hidaya alijaliwa masikio: mashine ikikohoa chumba cha pili, alijua inaumwa wapi. Nakijwa alijaliwa kichwa; ua akiliona mara moja kwenye kanga ya mpita njia, halisahau tena.

Alikuwepo pia Mwajabu, katibu wa kikundi chao. Yeye alijaliwa moyo laini, na huo ndio uliomponza.

Mto ulipofurika ukaingia chumba cha ushonaji cha kikundi, cherehani yao ya kudarizi ilibaki humo. Mbelwa aliingia maji yakiwa kifuani, akaibeba begani peke yake, akaitoa.

Ilitoka, lakini ilikuwa bubu. Hidaya aliifungua, akaikausha kipande kwa kipande, akakaa nayo siku kumi na moja akiigeuza na kuisikiliza mpaka ikanguruma.

Ikanguruma, lakini maua yote yaliyohifadhiwa ndani yake yalikuwa yamefutika. Nakijwa akayachora upya kutoka kichwani, maua arobaini na mawili, akayaingiza moja moja. Bila hayo ingebaki ya kushonea mifuko.

Mwaka uliofuata kikundi kilinunua mashine kubwa zaidi, na ile ya zamani ikapigwa mnada mtandaoni, kwa wanachama tu. Kanuni aliziandika Mwajabu mwenyewe: kila mtu atume bei mara moja, kwa siri, ya juu inashinda, zikilingana, aliyetangulia kutuma ndiye mwenye mali. Wale watatu, kila mmoja aliitaka ili afungue chumba chake cha kazi.

Asubuhi ya mnada simu ya Mwajabu ikaita.

"Dada Mwajabu, shikamoo," alisema Mbelwa. "Hebu niambie, niweke ngapi?"

Mwajabu alijua vizuri kwamba hairuhusiwi. Lakini angemwambia nini mtu aliyeingia maji ya kifuani? Akanong'ona, "Wenzako wataishia laki nane. Watu wetu wanapenda namba nzima. Wewe ongeza elfu kumi."

Hata simu hajaiweka chini, Hidaya huyo. "Wifi, mimi mke wa kaka yako, utanificha?"

Hakumficha. Kisha Nakijwa: "Shoga, tangu darasa la tatu sijawahi kukuomba kitu." Naye akapewa elfu kumi ileile. Kila Mwajabu alipotaka kusema hapana, ulimi ulikuwa mzito. Akajidanganya kwamba wawili kati yao watakosa hela.

Saa nne, wanachama wote wamekaa, akafungua ukurasa wa mnada na kusoma kwa sauti. Mbelwa, laki nane na elfu kumi. Hidaya, laki nane na elfu kumi. Alipofika kwa Nakijwa akasoma kwa kunong'ona: laki nane na elfu kumi.

"Kumbe hizo elfu kumi ni mapacha watatu?" mama mmoja akauliza, na chumba kizima kikacheka.

Wale watatu hawakucheka. Walitazamana, wakamtazama Mwajabu, halafu kila mmoja akatazama sakafu, maana alijua alichokiomba pembeni. Mwajabu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa hajawahi kuona aibu ya namna ile, tena kwa kanuni alizoziandika kwa mkono wake.

"Mimi ndiye niliyewaambia," akasema. "Wote watatu. Nisameheni."

Mbelwa akasema, bila kuinua macho, "Kanuni ni kanuni. Nimetangulia kutuma."

"Umetangulia kutuma kwa sababu ulitangulia kumpigia," Hidaya akajibu. "Saa ya mtandao imehesabu tu nani alitangulia kumpigia wifi yangu. Na ulichokitoa majini kilikuwa chuma, kaka, mimi ndiye niliyekitia sauti."

"Sauti ya kudarizi nini?" Nakijwa akauliza polepole. "Mimi nimekuwa wa mwisho kwa kuwa nilisita kuomba. Kumbe ningeomba upesi, nisione haya?"

"Turudieni mnada," mtu akasema. Lakini laki nane na elfu kumi ndizo zote alizokuwa nazo kila mmoja wa wale watatu, hakuna hata shilingi ya kuongeza, na kule nyuma mwanachama mmoja mwenye duka la vitambaa, aliyetuma laki nane kamili na bado ana hela, alishaanza kutabasamu.

"Basi nivueni ukatibu," Mwajabu akaomba, machozi yakimlengalenga.

"Tutakuvua," mwenyekiti akamjibu. "Kwanza bonyeza jina la mshindi. Uliyaanza, yamalize."

Hapo ndipo nilipowaacha. Ukurasa unaonyesha majina matatu na unapokea moja tu. Kidole cha Mwajabu kiko juu ya simu, na hakuna kati ya watatu anayethubutu kumtazama. Haya, nyinyi mlio nje ya aibu hii: kati ya mwenye mabega, mwenye masikio na mwenye kichwa, mngekuwa Mwajabu, mngebonyeza jina la nani?