Mtungi wa Bi Sikudhani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiazimana chumvi na kusengenyana uani, aliishi digidigi mjane aitwaye Bi Sikudhani. Nchi yao ilikuwa kame, miiba mitupu. Lakini bustani yake, wacheni wanangu! Mvua kidogo tu, na bamia zilitoa maua ya manjano, mchicha ukafurika, kunde zikatambaa mpaka ukutani. Hata maji ya kuoshea vyombo aliyamwagia mboga. Hizo ndizo zingewalisha watoto wake wawili kiangazi kizima.

Asubuhi moja, du! du! du! Ardhi ikatikisika. Alikuwa Bwana Ndovu, aliyekwisha kufyeka bustani za majirani wote.

"Sogea," akasema. "Nimekuja kula."

Bi Sikudhani aliogopa, lakini hasira ilizidi woga. Akasimama langoni na vijiguu vyake vyembamba.

"Sisogei! Hupati hata jani!"

"Ehee! Unajua unasema na nani?"

"Na mgeni asiye na adabu!"

Ndovu akacheka, masikio yakapiga pwa! pwa! Akainua mguu. Bi Sikudhani alimjua vizuri mbabe huyu: akikatazwa kitu, hukitaka hicho kwanza. Akaruka, akaukumbatia mtungi uliokuwa pale langoni.

"Haya, mboga kula, lakini maji haya usiguse! Hata wanangu siwapi!"

"Maji? Kwa ukame wote huu, wewe unanificha maji, mimi?"

"Usiguse, nakwambia! Utajuta!"

"Wee! Mimi sikatazwi na mtu!"

Akamsukuma kando, akatumbukiza mkonga, akavuta sruuup! mpaka tone la mwisho.

Masikini! Mle Bi Sikudhani alikuwa ameroweka pilipili kichaa siku tatu, apate dawa ya kunyunyizia viwavi.

"Chyaaa! Chyaaa! Pua yangu! Nakufa!" Machozi yakamtiririka Ndovu, akageuka, akatimka mbio huku akipiga chafya.

"Bwana Ndovu!" Bi Sikudhani akapaza sauti, majirani wote wasikie. "Mbona waondoka mapema? Ninao mtungi mwingine!"

Ndovu hakutazama nyuma. Kabla jua halijawa kali, majirani walikwisha kujipanga langoni kwa Bi Sikudhani, kila mmoja na kibuyu chake, wakiomba mbegu. Hakuna aliyetaka bamia wala mchicha. Wote walitaka pilipili.

Basi wanangu, shikeni hili: kuwa mdogo si sababu ya kukubali kuonewa.