Kitambaa Chekundu Mkiani

Ko-ko, ko-ko, ko-ko! Kwato hizo tulizisikia kila asubuhi nyuma ya ukuta wa Maalim Sururu, lakini mpandaji hatukumwona. Ajifunzaye faraghani huanguka hadharani. Methali hiyo niliyomwambia Salama hapa, alipokataa kukariri kasida yake mbele yenu, ilizaliwa kwenye kwato hizo. Mnaniuliza kama ni kweli? Mimi nilikuwepo, tena juu ya farasi wa tatu!

Maalim Sururu alikuja mjini kwetu Mkunguni na farasi watano. Mji ulichemka! Watu wazima wenye ndevu na wajukuu wakataka kupanda. Maalim akatoa njia mbili: alasiri anafundisha kundi uwanjani, asubuhi anafundisha mtu mmoja mmoja uani kwake, mlango umefungwa.

Mwinyikombo, fundi wa milango ya nakshi, alikuwa na haja kuliko sisi sote. Alikuwa amemposa Mwanakheri, na marehemu baba yake Mwanakheri alikuwa mpanda farasi. Bibi huyo alikuwa ameapa hatatoka nyumbani kwao ila kwa mume atakayefika mlangoni juu ya farasi, pamoja na watu wake, kama baba yake alivyofika kwa mama yake.

"Njoo uwanjani tujifunze pamoja," shangazi yake, Bi Tatu, mpika vitumbua, akamwambia.

"Nianguke mbele ya mji mzima, shangazi? Miaka arobaini hii nichekwe kama mtoto?"

"Mimi nina hamsini na tano, baba, na jana nimeanguka mara tatu. Waliocheka ndio walioniinua."

Akakataa. Akenda uani.

Na kusema kweli, kama tulivyoona baadaye, alijua kupanda! Mgongo wima kama mlingoti, hatamu mkononi kama uzi wa hariri. Sisi uwanjani tulikuwa kichekesho. Mzee Shebe, mwadhini wetu, alimkumbatia farasi shingoni akasoma dua zote anazozijua. Mimi nilitupwa kwenye rundo la samadi. Lakini kila aliyeanguka alitufundisha sote jambo. Tulijua farasi gani huogopa ngoma na gani hung'ata. Tulijua pia kuwa Maalim akimfunga farasi kitambaa chekundu mkiani, farasi huyo hupiga teke, basi kaa nyuma yake urefu wa farasi mzima. Hata watoto waliokuja kututazama walikijua kitambaa hicho.

Uani alikojifunzia Mwinyikombo alitolewa farasi mmoja tu. Maalim angefunga kitambaa ili kumwonya nani?

Siku ya harusi ikafika. Zumari linalia, ngoma zinapasua hewa, vigelegele juu ya mapaa! Bi Tatu mbele, bwana harusi wa pili, mimi wa tatu, Mzee Shebe nyuma. Mwinyikombo alipendeza, wallahi. Kanzu nyeupe, kilemba cha zari. Tulipokata kona na mlango wa Mwanakheri ukaonekana, naye amesimama kizingitini, jamaa akachangamka. Akamsukuma farasi mbele.

"Kaa mbali!" Bi Tatu akapiga kelele.

"Leo ni siku yangu, shangazi! Wewe ndiye unipishe!"

"Kitambaa, Mwinyikombo! Tazama kitambaa!"

"Nakiona! Pambo zuri hilo, mbona wangu hamkumfunga?"

Akasogea zaidi. Farasi wa Bi Tatu akalaza masikio, akarusha miguu ya nyuma. Teke likamkosa kwa upana wa kiganja, lakini farasi wa Mwinyikombo, ambaye naye amezoea ua wa kimya, akasimama kwa miguu ya nyuma. Kilemba kikaenda huku, pindo la kanzu kule, na bwana harusi akaketi vumbini hatua kumi kutoka mlangoni kwa mchumba wake.

Ngoma zikanyamaza. Kisha kicheko! Mji mzima! Mimi pia, Mungu anisamehe.

Mwanakheri hakucheka. Alitazama zile hatua kumi, macho yakamjaa maji.

"Bwana Mwinyikombo, hata watoto wa mtaani wanajua maana ya kitambaa kile. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilidhani Mwinyikombo atamlaumu farasi, au shangazi yake, au Maalim. Alikuwa mtu wa majivuno, nami najua majivuno yanavyouma. Akainuka. Hakujikung'uta. Akatugeukia sote tuliokuwa tukicheka, akasema kwa sauti ya kufika sokoni:

"Chekeni, ni haki yenu! Nilikuwa uani, peke yangu, nikiwakimbia ninyi. Ajifunzaye faraghani huanguka hadharani!"

Hakuna aliyecheka tena. Bi Tatu akashuka, akaokota kilemba, akampa.

Mwanakheri akashika ubao wa mlango. "Kiapo changu kiko palepale," akasema.

"Nacho nakitaka kibaki palepale," akajibu Mwinyikombo. "Mwanakheri binti Hemedi, sikia, na mji wote usikie! Kesho alasiri nitakuwa uwanjani, nyuma ya shangazi yangu, urefu wa farasi mzima. Nitaanguka mbele ya kila mtu mpaka nikome kuanguka. Na mwezi ujao ukiandama, nitafika mlangoni kwako juu ya farasi, na hawa wote wakiwa pamoja nami!"