Jogoo wa Jumbe Mwinjuma

Jumbe Mwinjuma, aliyekuwa akitunga sheria mpya kila akishiba, alimfuma mjane Kidawa akimkodolea macho jogoo wake.

"Mwizi!" alifoka mbele ya watu.

"Kwani nimemgusa, Jumbe?"

"Hujamgusa, lakini umenuia kumla. Nimekuona ukimeza mate!"

"Nia tu nayo ni kosa?"

"Kwa sheria yangu, aliyenuia amekwisha tenda. Kesho utanilimia shamba langu lote la muhogo."

Kidawa aliinama kwa adabu. "Nimesikia, Jumbe. Na hawa wote wamesikia."

Kesho yake jioni Jumbe aliyakuta magugu vilevile, na Kidawa amejinyoosha kivulini anatafuna muwa.

"Mbona hujalima?"

Kidawa alijifuta jasho. "Nimenuia tangu alfajiri, Jumbe, shamba zima. Hebu nitafutie mtu anikande mgongo."