Kiti cha Fundi

Walikuwepo mashemeji wawili ambao ugonjwa wao ulikuwa mmoja: magari ya mbio ya kizamani. Sisemi haya ya sasa tunayoyaona kwenye televisheni. Nasema yale ya mwanzo kabisa, yasiyo na paa wala milango, magurudumu ya spoku kama ya baiskeli, boneti iliyofungwa kwa mkanda wa ngozi, na injini inayowashwa kwa kuzungusha hendeli mbele. Magari yale yalibeba watu wawili. Mmoja aliendesha. Wa pili alikuwa fundi wa gari lenyewe. Alisukuma pampu ya petroli kwa mkono, alitazama nyuma kuona nani anakuja, na kwenye kona aliinama nje ili gari lisipinduke.

Mashemeji hawa waliamua kuunda la kwao. Mmoja alikuwa dereva wa lori aliyestaafu. Wa pili, kaka wa mke wake, alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti na fremu za madirisha za mtaa ule karibu zote ni kazi yake. Chesisi waliitoa kwenye lori lililokufa. Injini waliipata kwenye gari la misheni ambalo watu walikuwa wameligeuza banda la kuku.

Ilikuwa miezi ya furaha. Siku injini ilipokubali kwa mara ya kwanza, kabla hawajaifungia bomba la moshi, kuku wa jirani waliruka wakatua juu ya paa, na mwenye kuku akaja kulalamika. Alikuta watu wazima wawili wameshikana mikono wanacheka. Akasahau kilichomleta, akaomba na yeye azungushe hendeli.

Ndugu zangu, mmewahi kuunda kitu kwa mikono yenu, kikaitika? Basi furaha hiyo mnaijua. Si dhambi. Mungu mwenyewe alitazama kazi yake akaridhika.

Sasa niwaambie jambo ambalo dereva hakulijua.

Kwenye gari kuna chuma kinachounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Kikikatika, usukani unabaki mkononi kama sahani, na gari linakwenda linakotaka. Chuma hicho fundi alikuwa anakichomelea jioni moja, stiki za kuchomelea zikamwishia katikati ya kazi. Stiki nene za chuma kizito zilikuwa zinauzwa mjini. Alizokuwa nazo karibu ni zile nyembamba, za fremu za madirisha. Akamalizia nazo. Alikusudia kurudia kesho yake. Akasaga kiungo kwa grainda, akapaka rangi, kikawa kizuri kama vingine. Kesho yake wakaanza kushona viti, na viti vikampendeza. Jambo likalala.

Je, alimchukia shemeji yake? Hapana. Walikula sahani moja. Kila alipokikumbuka chuma kile alijiambia kitashika, na hakujidanganya kwa makusudi. Aliamini kitashika.

Siku ya kulijaribu gari ikafika. Walichagua barabara ya vumbi inayopita katikati ya mashamba ya mkonge, iliyonyooka, yenye kona moja kali kabla ya daraja. Nusu ya mtaa ilikuja. Mke wa dereva alileta chupa za chai na beseni la maandazi.

Dereva akakaa, akavaa miwani ya vumbi, akangoja mwenzake apande. Fundi akasema mgongo unamsumbua. Akashauri wapakie gunia la mchanga kwenye kiti chake ili gari lipate uzito. Safari yenyewe ilikuwa fupi, na pampu dereva angeisukuma mwenyewe.

"Shemeji," dereva akasema, "jana si ulinyanyua gia boksi peke yako?"

"Ndiyo hiyo iliyouvunja."

Watu wakacheka. Gunia likaletwa, likakaa kwenye kiti, likafungwa kamba. Mzee mmoja akasema huyo ndiye fundi wa kwanza kumwona asiyeomba chai. Injini ikawashwa. Gari likatetemeka, vumbi likaanza kuinuka nyuma yake.

Hapo mke wa dereva akatua beseni chini. Akawaambia vijana waliondoe gunia. Akasema miezi yote hiyo amewapikia, amefua ovaroli zenye grisi, amevumilia spana mezani, na kiti hakiwezi kupewa mchanga naye yupo. Akajifunga kanga kichwani, akapanda, akashika mpini wa pampu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mumewe alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Akaweka gia.

"Dada, shuka," fundi akasema.

"Acha wivu, kaka. Mimi ni mwepesi kuliko gunia lile."

"Nimesema shuka."

Aliisema kwa sauti ambayo haikuwa ya utani. Dereva akamtazama. Kisha akanyoosha mkono akazima injini.

Fundi akaeleza. Alieleza habari ya stiki, ya madirisha, ya rangi. Hakuacha kitu. Alipomaliza, dereva akavua miwani.

"Kwa hiyo mimi ulikuwa unaniacha niende."

"Kwako nilikuwa na hakika kitashika."

"Na kwa dada yako?"

Fundi akamshika dada yake mkono, akamshusha.

Tusimame hapo kidogo. Chuma kilikuwa kilekile. Kiungo kilikuwa kilekile, barabara ileile, kona ileile. Dada alikuwa mwepesi kuliko mchanga, yeye mwenyewe amesema. Hakuna kitu kwenye gari kilichobadilika isipokuwa nani amekaa. Na imani yote ya fundi, aliyokuwa nayo asubuhi nzima, ikaisha.

Dereva hakugombana naye. Alikwenda kukaa pembezoni mwa mkonge, akala andazi, akala la pili. Fundi akalala chini ya gari mbele ya mtaa mzima, akakifungua kile chuma, akakitoa. Gari likasukumwa kwa mikono hadi nyumbani. Kisha akapanda basi kwenda mjini kununua stiki zinazostahili, na aliporudi akamwita shemeji yake aje amtazame anavyochomelea. Alikuja. Mwanzoni alisimama mlangoni. Kabla kazi haijaisha alikuwa amekaa juu ya boksi la vifaa, anashikilia taa.

Walipolirudisha gari barabarani, fundi alikuwa wa kwanza kupanda. Hakuna aliyemwambia. Dereva alimkuta ameshakaa, mkono kwenye pampu, akaingia akakaa kando yake. Wakaondoka.

Waliowaona wanasema mkonge ulipita pande zote mbili kama ukuta, upepo ukawatoa machozi, na sauti ya injini ilisikika hadi kijiji cha pili. Kwenye kona fundi aliinama nje mpaka bega lake likakaribia vumbi, na magurudumu yakafuata usukani. Waliposimama darajani nyuso zao zilikuwa nyekundu kwa udongo, meno tu ndiyo meupe. Dereva akamuuliza mgongo unaendeleaje. Fundi akamwambia ageuze gari, warudie.

Ndugu zangu, ingekuwa rahisi kama sisi tungekuwa watu wabaya. Hatuko hivyo. Tuna imani nyingi kwa mambo yatakayowapata wengine. Muuza maziwa ana dumu la wateja na dumu la nyumbani. Mwenye nyumba anajua waya wa chumba cha mpangaji umechubuka, na anaamini hautafanya kitu. Mwanawe akihamia chumba hicho, fundi wa umeme anaitwa siku hiyohiyo. Mpishi wa shule anajua chakula kipi asingemwekea mtoto wake. Hata sisi wahubiri tuna mahubiri ya Jumapili anayokuja askofu, na mahubiri ya Jumapili nyingine. Hatusemi uongo. Tunasema, kitashika.

Mungu wetu hakufanya hivyo. Alituumbia mwili huu unaosikia njaa na unaochoka, wala hakubaki kando ya barabara akitutazama tukienda nao. Aliingia mwenyewe. Alilala njaa, alichoka, alilia rafiki alipokufa, na kifo chetu hiki alikipitia. Ndiyo maana akituambia twende naye, tunaweza kwenda kwa furaha. Anayetualika amekaa ndani.

Kesho ni Jumatatu. Utashika kazi yako na hutaambiwa inamwendea nani. Labda mgeni. Labda mtu usiyempenda. Ukifika mahali stiki zimeisha na rangi iko karibu, jiulize swali moja tu kabla hujapaka. Atakayekaa hapo humjui. Lakini ni dada wa mtu.